Tarehe Chini ya Vigae

Nyumbani, 4 Agosti 1986

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za mama. Yuko hapa kitandani ananisimamia niandike vizuri, utadhani ndiye atakayesahihisha. Anakula kidogo na kusema sana. Miguu ni ile ile. Tangu mvua zilizopita hajashuka ngazi hata mara moja, na hataki, maana anasema huko chini kuna nini zaidi yangu na cherehani. Msalimie wifi na watoto wote. Yule mdogo mwambie shangazi amepokea mchoro wa bwawa, nimeubandika dukani, na wateja wananiuliza kwenye hiyo sufuria kunapikwa nini.

Sasa la kukuandikia. Jumanne iliyopita alikuja mkaguzi wa majengo wa jiji. Watoto wa mtaa wanamwita Bwana Futi kwa sababu akisimama popote lazima apime kitu. Alipima ngazi ya nje, akapanda, akapima chumba cha juu na mama humo humo ndani. Mama akamwuliza kama anampimia jeneza, na kama ni hivyo aongeze kidogo upande wa miguu. Hakucheka. Aliposhuka alipaka alama ya X nyekundu kando ya mlango wa duka, akanipa ilani. Makosa ni matatu: chumba cha juu hakina kibali cha ujenzi, ngazi imeingia njiani hatua moja, na ukuta wa duka una ufa. Kila kosa lina faini yake. Tukikaa siku sitini bila kulipa wala kukata rufaa, wanabomoa wao, na gharama ya kubomolewa tunalipa sisi.

Jirani yetu muuza vioo alipakwa X yake wiki hiyo hiyo, akamalizana nao kabla rangi haijakauka. Ananiambia mkono mtupu haulambwi. Mimi silipi. Bwana Futi mwenyewe kasema sheria ya vibali ilianza mwaka 1972, na jengo lililotangulia sheria halina kosa. Wewe uliniambia baba alijenga chumba kile kabla hajaanza kuugua. Mimi wakati ule nilikuwa kwa mume wangu, mbali, hata maziko ya baba sikuyawahi, sikuona hata tofali moja likipanda. Niandikie basi ilikuwa mwaka gani na nani walimsaidia, nijaze fomu ya rufaa. Nikilipa ni sawa na kusema baba yetu, fundi mwashi wa miaka arobaini, alikuwa mvunja sheria. Maneno hayo hayatoki kinywani mwangu.

Dada yako


Kambini, 23 Agosti 1986

Dada mpenzi,

Barua yako imenifikia jana kwa lori la mahitaji, ikiwa na doa la mafuta ya taa. Tuko wazima. Wifi yako anasumbuliwa na kikohozi cha vumbi lakini anadunda. Yule mdogo amekasirika kwa sababu ya sufuria, anasema hatamchorea tena shangazi. Bwawa linapanda. Sasa nina watu sitini chini yangu, wote wanamwaga zege kama wanaokimbizwa, na mimi kazi yangu ni kupiga kelele tu. Ungeniona ungesema nimerithi sauti ya mama.

Kuhusu ilani, ushauri wangu ni kulipa. Nitatuma nusu mwisho wa mwezi. Dada, mwenye nguvu mpishe. Hawa watu wa jiji ukibishana nao leo, kesho wanakuja kupima hata kimo chako. Kulipa si kumtukana baba. Baba mwenyewe angelipa na kurudi kwenye kazi yake.

Mambo ya mwaka ni ya zamani, siwezi kukutajia tarehe kwa uhakika.

Neno moja kabla sijasahau. Kitanda cha mama kisogeze mbali na ukuta wa upande wa mtaro. Upande ule una baridi.

Mdogo wako


Nyumbani, 10 Septemba 1986

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kitanda nimekisogeza, na mama amenuna siku tatu kwa kuondolewa dirishani kwake. Hiyo baridi hajawahi kuihisi, anasema labda iko huko kwenu milimani.

Nilikuuliza mwaka, ukanijibu mafumbo. Haya, nimekwenda mwenyewe. Ofisi ya majengo iko ghorofa ya tatu, na lifti haifanyi kazi. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi na namba yangu mkononi mpaka namba ikalowa jasho. Karani wa rufaa ni kijana mpole, kwapa la shati lake limefumuka mshono. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Mama, mimi nakuamini, lakini faili haliamini mtu." Fomu nimemwachia, lakini kamati ya rufaa inataka ushahidi wa maandishi unaoonyesha chumba kilijengwa kabla ya 1972.

Nikarudi kwa miguu nimeinamisha kichwa. Nilipopita kwa muoka mikate nikaona kizingiti cha duka lake, na palepale nikasimama. Unakumbuka? 3/6/58, kwa msumari, mkono wa baba. Hakuna kazi aliyoiacha bila kuandika tarehe kabla saruji haijakauka. Kisima cha shule kinayo, kizingiti cha muoka mikate kinayo, hata choo chetu cha zamani kilikuwa nayo. Alikuwa akisema watu husahau, saruji haisahau. Kwa hiyo na ngazi yetu lazima inayo, kwenye kipandio cha juu, mahali anapomalizia fundi. Iko chini ya vigae vyako.

Vile vigae vyekundu ulivyoviweka wiki ile niliporudi nyumbani, mwaka 1980, ndoa yangu imekufa na sanduku langu limefungwa kamba. Nilipoviona nililia. Mtaa mzima nimeuhadithia kwamba wengine wakiachika hufungiwa mlango, mimi ndugu yangu alinitandikia vigae. Inaniuma kuving'oa, lakini ni kimoja tu.

Kuna jambo ambalo siku zote limenishangaza. Tulipokuwa wadogo baba alisema mbele yangu kwamba msingi huu ameuchimba kwa nyumba ya chini tu, na atakayeweka juu yake hata banda la kuku atamlaani. Uliniambia baadaye aliuongezea unene. Nani alimshikia koleo? Wewe?

Dada yako


Kambini, 29 Septemba 1986

Dada,

Sote wazima. Ninaandika kwa haraka, lori linaondoka.

Vigae usiguse. Nakuomba. Aina ile haiuzwi tena, na mama akishuka siku moja anaweza kujikwaa. Mwezi wa kwanza nitaomba likizo, nije nitoe mwenyewe kwa utaratibu wa kifundi. Waambie kamati wasubiri.

Kama unaona ni lazima, kwanza muulize mama.

Mdogo wako


Nyumbani, 9 Oktoba 1986

Mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu, ila ufa wa dukani umepita kalenda niliyoufunikia, sasa nimetundika kalenda ya pili chini ya ile ya kwanza. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakusema kitu kuhusu kalenda.

Nimemuuliza mama kama ulivyoagiza. Nikamwambia, mwanao anasema nikuulize kuhusu vigae. Akageukia ukutani akasema ana usingizi, saa nne ya asubuhi. Nyinyi wawili mmekuwa watu wa ajabu.

Kamati haisubiri likizo ya mtu. Nilisimama mbele yao watu watano, mwenyekiti ni mama mmoja wa makamo, miwani yake ina kamba. Nilimweleza desturi ya baba ya kuandika tarehe. Bwana Futi alitaka kucheka, mwenyekiti akamtazama tu, naye akainamia futi yake. Wamekubali kuja tarehe 30 mwezi huu, saa tatu, kigae king'olewe mbele yao. Tarehe ikiwa ya kabla ya sheria, X inafutwa siku hiyo hiyo. Ikiwa vinginevyo, hakuna rufaa ya pili.

Mwenyekiti aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia baba yangu hakuwahi kuandika uongo kwenye saruji.

Patasi nimeazima kwa seremala. Gauni la bluu nimelipiga pasi. Nahesabu siku kama mtoto anayengoja kufunga shule.

Dada yako


Kambini, 21 Oktoba 1986

Dada,

Sina salamu ndefu. Mvua imeanza huku, daraja la chini limechukuliwa na maji, na sijui lori litapita lini. Barua hii nampa dereva mkononi na namwomba Mungu ikufikie kabla ya tarehe 30. Usiwaache wakang'oe kile kigae. Waambie unaumwa, waambie chochote, kisha ulipe.

Chumba kile hakujenga baba. Nilijenga mimi, mwaka 1977, miaka miwili baada ya kumzika. Baba alikataa hadi anakufa. Aliniambia mara tatu kwamba msingi haubebi. Mimi nilikuwa nimetoka kupata cheti, na niliona mzee hajui hesabu za nondo, anakisia kwa macho. Sikuongeza unene wowote. Nilianza kupandisha tofali.

Nilipomaliza kipandio cha mwisho nikaokota msumari. Sikufikiri. Ndivyo alivyonifunza, mkono ukaenda wenyewe. Na nitakwambia kweli, nilijivuna. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila yeye kusimama nyuma yangu.

Ulipoandika kwamba unarudi, nilijua utaiona ile tarehe, nawe uliyasikia maneno ya baba kwa masikio yako. Usingekubali mama alale mle hata usiku mmoja. Ndipo nikanunua vigae. Najua ulivyovihadithia mtaani. Kila ulipovitaja katika barua zako nilikuwa naruka mstari.

Ule ufa naujua unatoka wapi. Ni msingi uliolemewa, ndiyo maana nikakuagiza usogeze kitanda.

Naona aibu kwa hili la mwisho, lakini naliandika. Kama kuna njia ya kutolitaja jina langu, usilitaje. Huku wanakagua vyeti upya, na fundi aliye kwenye daftari la wakosaji la jiji lolote anaondolewa kazini siku hiyo. Nina watoto wanne.

Mdogo wako


Nyumbani, 1 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Mama mzima. Barua yako sijapata tangu ile ya kuniambia nisiguse vigae. Nimegusa.

Walikuja wanne, saa tatu kamili: mwenyekiti, karani, Bwana Futi na dereva aliyebaki kwenye gari. Majirani walijipanga ng'ambo ya njia, muuza vioo mbele yao, mikono nyuma. Nilipanda nikapiga patasi. Kigae kilitoka kwa pigo moja, kizima, hakikuvunjika hata pembe, ujue ulikuwa fundi mzuri wa vigae. Nikafuta vumbi kwa kitambaa bila kusoma. Nilitaka wasome wao kwanza. Nikasogea pembeni nikasimama na gauni langu la bluu kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Bwana Futi akasoma kwa sauti: tarehe kumi na nne, mwezi wa pili, sabini na saba.

Nikacheka. Nikamwambia amesoma vibaya, tarehe za baba zinataka mazoea. Kisha nikainama. Saba zote mbili zina mkato katikati. Baba hakuwahi kuikata saba maishani mwake. Mtu anayeikata namjua, bahasha zake ninazo kabati zima.

 Nilisikia kitanda cha mama kikilia ndani, akijigeuza. Mwenyekiti aliuliza taratibu, "Baba yako alifariki lini?"

"Sabini na tano."

"Basi alijenga nani?"

Karani alikuwa ameshafungua kalamu. Nilikumbuka cheti chako, na kazi yako inayosimama juu ya kile cheti, na yule mdogo na sufuria yake.

"Mimi," nikasema.

Karani akauliza kazi yangu. Nikamjibu mshonaji. Akaandika. Bwana Futi akaniuliza nilichanganya zege kwa kipimo gani, nikamwambia kadiri. Mwenyekiti alivua miwani akanitazama muda mrefu, na nadhani alielewa kila kitu, ila, kama alivyosema yule karani, faili haliamini mtu. Wamepunguza faini nusu kwa sharti la kubomoa wenyewe ndani ya siku thelathini. Jina langu limeingia kwenye daftari la wakosaji, na aliye mle hapewi leseni ya biashara kwa miaka miwili. Kwa hiyo duka ndiyo basi. Nimetia sahihi.

Nilidhani vigae vile vilikuwa vya kunikaribisha. Miaka sita nimepita juu yake asubuhi na jioni, na kila nikipita nilikuwa najiona mtu mwenye ndugu.

Dada yako


Kambini, 24 Novemba 1986

Dada yangu,

Ya kwako imefika jana. Ya kwangu ya tarehe 21 ilikwama wiki mbili upande wa pili wa mto, dereva ameniambia, ilikuwa ndani ya koti lake muda wote. Sijui kama umeshaisoma. Kama bado, isome, ingawa haina la kukusaidia tena.

Sijalala vizuri. Wifi yako ananiuliza nini, namwambia ni kelele za mvua. Nimeomba ruhusa nije niiambie kamati ukweli, jina lako litoke liingie langu. Wamenikatalia mpaka ukuta wa mwisho umwagwe, labda mwezi wa kwanza, labda wa pili. Nitakuja, dada. Jina langu likiandikwa na liandikwe.

Niambie unataka nifanye nini na nitafanya.

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Sisi tuko hai. Msalimie wifi, na huyo mdogo mwambie mchoro wake nimeuhamishia juu ya kitanda cha bibi yake.

Barua yako ya tarehe 21 Oktoba niliipata tarehe 13 Novemba, asubuhi nikielekea ofisi ya jiji. Niliisoma nimesimama kwenye foleni ya kulipia faini. Yalikuwa yote ninayoyajua tayari, hata hao watoto wanne, ambao nilishawahesabu bila kuambiwa.

Tulibomoa siku ya ishirini na sita ya zile thelathini. Nilitafuta vibarua wawili. Mama tulimshusha kwa kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, mimi nimemshika bega. Katikati ya ngazi akawaambia wamtue. Wakamtua pale pale kwenye kipandio, akanishika mkono akasema, "Usimlaumu mwenzio. Mimi ndiye niliyemwomba."

Akanieleza. Mwaka wa pili baada ya baba kufa mtaro ulifurika, maji yakaingia hadi godoroni, akakesha amekaa juu ya meza. Alikuomba umjengee juu, ukakataa, ukamtajia maneno ya baba. Akakuomba mara ya pili, ukakataa. Mara ya tatu akakuuliza kama unangoja afe maji. Ndipo ukaenda kuleta tofali. Tena ndiye aliyekutuma ununue vigae.

Ulipoungama kwangu ulijitwika kiburi cha ujana na cheti na kila kitu, na jina la mama hukuligusa. Katika yote mliyonificha, hilo peke yake nimekusamehe. Haya mengine bado. Nikiweza nitakuambia.

Usije kwa kamati. Daftari lina jina moja, ukija litakuwa na mawili, na mimi sitoki humo. Kula mkate wako uwalishe wanao. Kwa sasa natia vifungo kwenye mashati ya fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, kwa cherehani yake, maana kwa yangu nitaonekana nafanya biashara. Yangu nimeifunika shuka. Bwana Futi alikuja kuthibitisha kwamba tumebomoa. Akapima palipokuwa na ngazi, ambapo hapana kitu, akaandika. Nikamwomba aifute X. Akasema hiyo ni idara nyingine.

Ufa umesimama, haukui tena. Baba alikuwa anajua alichokisema.

Mama analala dukani, ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Vibarua waliniuliza tofali za chumba wazipeleke wapi. Nikawaambia waniachie ishirini, nikakiinua kitanda chake, tano kila mguu. Hataki nimweleze za nini, na mimi sikumweleza. Jumanne usiku mvua ilinyesha na mtaro ukapanda kama kawaida yake. Nilikaa juu ya meza ya kukatia nguo, taa mkononi, yeye kitandani ameshika shuka mpaka kidevuni, tukatazama maji yakiingia chini ya mlango. 

Yalifika tofali la tatu.

Dada yako